Kabla ya Kukabidhi Ngoma

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mfilisi wa Shirika. Ndugu Brighton, Meneja Mwakilishi wa kampuni ambayo tangu mwezi uliopita ndiyo yenye maghala haya, uwanja huu na kivuli hiki tulichokalia. Baba Mchungaji na Shehe wetu, mliokubali kuja kukaa mbele ya watu wenye huzuni. Wafanyakazi wenzangu tulioachishwa kazi. Akina mama wa ngoma. Ndugu wageni waalikwa. Mama Ruthu, wewe nimekuweka mwisho, na si kwa sababu ya cheo. Shikamoo, mama.

Kwa wageni wasionijua, naitwa Ludovick. Nilikuwa Afisa Ustawi na Utamaduni wa Shirika la Maghala ya Nafaka, Kanda ya Kati. Wenzangu wa uhasibu walifupisha wakaniita Afisa Ngoma, na hawakuwa wananisifu. Leo nimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga Mama Ruthu Chidawali, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma, pamoja na wenzake, ambao mchana walikuwa washona magunia na wafagiaji wa ghala, na jioni ndiyo wanakuwa wapiga ngoma. Ya pili ni kuzikabidhi ngoma zenyewe kwa wenye mali wapya, ambao watazipeleka Dar es Salaam, katika hoteli yao iliyo karibu na bandari, zikapambe ukumbi wa chakula.

Ratiba nimeipanga mwenyewe. Kwanza hotuba hii, kisha akina mama watapiga kwa mara ya mwisho, kisha chakula, kisha makabidhiano. Ndugu Mfilisi alipenda makabidhiano yatangulie. Nilimwomba tuende kiungwana, kwamba mgeni habebeshwi mzigo kabla hajala. Alikubali, nami namshukuru mbele yenu wote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi ni mtu wa migomba. Nilipohamishiwa Dodoma nilikuta vumbi, upepo, na wanawake wawili mlangoni mwa ghala wanacheka kwa sababu nimevaa suti. Mmoja alikuwa Mama Ruthu. Mwingine alikuwa Lea, ambaye leo hayupo, nitamtaja baadaye. Mama Ruthu aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akaniuliza kama kwetu mvua inanyesha. Nikasema inanyesha mpaka tunaichoka. Akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kigogo neno ambalo nilikuja kutafsiriwa baadaye: huyu hajui kitu, tumlee taratibu.

Wakanilea. Nikajifunza kwamba ngoma ya hapa, ile wanayoiita muheme, inapigwa na wanawake, imeshikwa katikati ya magoti, na kwamba kabla ya kupigwa ngozi yake inaoteshwa moto kama mtoto anavyokaushwa baada ya kuogeshwa. Nikajifunza kwamba pale ghalani palikuwa na ngoma za Shirika zilizochongwa na fundi seremala wetu, na palikuwa na moja ambayo haikuwa ya Shirika.

Hiyo moja naomba muijue. Ni ile ya tatu kutoka kulia, nyeusi, iliyopasuka kidogo mdomoni na kushonwa kwa ukambaa wa ngozi. Ilikuwa ya mama yake Mama Ruthu. Mwaka ambao ngoma kubwa ya Shirika ilipasuka, safari ya Dar es Salaam ikiwa imekaribia, Mama Ruthu alikwenda kwao Ipagala akaileta hiyo ili kikundi kisiaibike. Siku ya kuondoka, mlinzi wa getini akaizuia. Utaratibu ulikuwa kwamba kitu hakitoki getini bila namba ya Shirika, hata koleo, hata ufagio. Lori linanguruma, watu wamepanda, na mlinzi anafuata sheria. Mama Ruthu mwenyewe akasema, basi ipakeni namba twende. Akashika ngoma ya mama yake kwa mikono miwili wakati rangi nyeupe inapakwa. Rangi hiyo haijafutika mpaka leo, na kwa sababu hiyo Ndugu Mfilisi anasema ngoma ile ni mali ya Shirika. Kisheria sina la kumjibu. Ninyi mliokaa mbele mnaiona namba yenyewe.

Ndugu zangu, wengi mnauliza, Shirika la nafaka na ngoma wapi na wapi? Ni swali halali, na siku hizi za soko huria limekuwa swali la kila siku. Zamani halikuulizwa. Kila mashirika yalipoitwa Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba, kikundi chetu kilikwenda kucheza, na baada ya maonyesho Shirika liliwaongezea akina mama siku za kutembea. Ratiba ya matembezi nilikuwa naiandaa mimi. Makumbusho, maonyesho ya michoro, taarabu, na mlo mmoja mzuri mahali penye vitambaa vya meza. Bosi wetu wa wakati huo alikuwa na msemo kwamba mtu anayeshona gunia mwaka mzima ana haki ya kuona kitu ambacho hakijashonwa na yeye. Aliondolewa mapema, naye.

Niwaambie walivyoiona Dar es Salaam? Walipofika bandarini mara ya kwanza walisimama wakiangalia winchi zinavyonyanyua magunia mengi kwa mkupuo. Magunia wanayoyajua, mengine pengine waliyashona wao. Lea akasema, "Kumbe mzigo wetu wote ule ni wa kunyanyuliwa kwa kidole." Tukaenda kula. Wakaletewa pweza. Restuta, yule binti pale mwisho aliyefunga kitambaa cha kijani, alikuwa mgeni kabisa wakati huo. Akaniuliza kwa heshima kama mnyama huyo ana mifupa. Nikasema hana. Akaniuliza amekufaje, sasa, kitu hakina mifupa? Walicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Pweza alirudi jikoni kama alivyokuja, wakaletewa ugali.

Lakini walikuwa hawachekei kila kitu. Kwenye nyumba moja ya michoro, mjini kati, palikuwa na picha kubwa ya wanawake wa huku kwetu wenye ngoma, vinywa wazi. Mama Ruthu alisimama mbele ya picha ile mpaka wenzake wakazunguka vyumba vyote wakarudi wakamkuta bado yupo. Mchoraji alikuwepo, kijana mpole. Mama Ruthu akamuuliza, "Mwanangu, hawa wanaimba nini?" Kijana akasema, "Hawaimbi kitu, mama. Ni picha tu." Mama alisogea akasimama karibu zaidi, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikamsikia anaimba chini chini, mdomo haufunguki, wimbo mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tulipotoka nje nikamuuliza alikuwa anafanya nini. Akasema, "Nimewaachia wimbo. Si vizuri mtu kukaa mdomo wazi miaka yote hana cha kuimba."

Mheshimiwa, nimesoma vyuo viwili na nimekaa kwenye semina nyingi za utamaduni, nyingine za wafadhili, zenye chai na maandazi. Sijawahi kusikia jambo lililonikaa moyoni kama hilo. Nasema hivyo bila kutia chumvi.

Sasa nifike kwenye siku ya hoteli, kwa sababu najua ndiyo inayosemwa mitaani, na inasemwa vibaya. Inasemwa kwamba kikundi chetu kiligoma. Inasemwa akina mama walitaka waongezewe fedha. Ndugu Brighton, kwa kuwa hoteli ni ya kampuni yenu na wewe siku ile hukuwepo, naomba leo uisikie kwa mtu aliyekuwepo.

Ilikuwa mwaka juzi. Shirika lilikuwa limeshaanza kuyumba. Mahindi yote yalikuwa yanaishia soko la Kibaigwa, mikononi mwa madalali na malori ya watu binafsi, na maghala yetu yalibaki na popo. Tukaambiwa kila kitengo kijitegemee. Mimi nikazunguka Dar es Salaam nikitafuta mahali ambapo ngoma inaweza kujitegemea, na hoteli ile ikakubali kutujaribu kwenye chakula cha mchana cha Jumapili. Kama wakipendezwa, tungekuwa tunakwenda kila mwezi. Akina mama walifurahi. Walishona nguo mpya.

Tuliingia. Pale mlangoni palikuwa na ngoma. Ngoma kuukuu ya huku kwetu, sijui ilifikaje pwani. Ngozi imetolewa, na ndani ya mzinga wake wageni wanachomeka miavuli. Mama Ruthu alisimama. Akainama akaigusa ukingoni, akaisalimia. Aliisalimia kama unavyomsalimia mtu mzima uliyemkuta mahali ambapo hakutakiwa kuwepo. Halafu tukaendelea ndani.

Ukumbi ulikuwa mzuri, sitaki kuudhulumu. Madirisha makubwa, meli unaziona, vitambaa vyeupe, glasi zinang'aa. Akina mama wakakaa, wakaweka ngoma magotini, wakapiga. Nawaambia, watu waligeuza viti. Mzungu mmoja alisimama kabisa. Nikajisemea moyoni, Ludovick, umeokoa watu.

Kisha wahudumu wakaleta chakula. Mgeni wa kwanza alipopeleka uma mdomoni, Mama Ruthu akanyanyua mkono, ngoma zote zikanyamaza.

Msimamizi wa ukumbi akaja mbio. "Mama, mbona mmenyamaza?"

"Watu wanakula," akajibu Mama Ruthu.

"Ndiyo, wanakula. Ndiyo maana mmeitwa."

"Tumesikia, baba. Wakimaliza tutapiga."

Basi tukasubiri wamalize. Lakini hoteli si kwa mtu. Meza hii ikimaliza, ile inaanza. Huyu akifuta mdomo, yule anaingia na familia yake. Chakula cha mchana kilikwenda mpaka jua likageuka upande wa pili wa madirisha. Akina mama wale walikaa na ngoma zao magotini, migongo imenyooka, kimya, wakisubiri saa ambayo hakuna mtu ndani ya ukumbi mwenye tonge mdomoni. Saa hiyo haikufika. Wageni wakaanza kuwaangalia kwa wasiwasi. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mimi nilimsogelea nikachuchumaa. Nikamwambia, mama, huku ndiyo desturi yao, wanapenda kula wakisikiliza. Akanijibu polepole, na maneno yake nayasema kama alivyoyasema: "Ludovick mwanangu, ngoma inaita. Ukiipiga, unamwambia mtu nyanyuka uje. Sasa huyu ana chakula mbele yake. Nikimwita, nimemnyanyua kwenye chakula. Kwetu kumnyanyua mtu kwenye chakula ni kumfukuza. Mama yangu alinifundisha kwa ngoma hii hii. Nitaanzia wapi kuwafukuza watu nisiowajua?"

Sijui kama hiyo ni desturi ya Wagogo wote. Wapo hapa watakaobisha, na wabishe. Ni desturi ya mama yake. Lakini nchi hii inaijua njaa, Mheshimiwa. Inaijua kwa majina. Wazee hapa wanahesabu umri wao kwa njaa walizozipita. Mahali kama hapo, mtu anayekula ni mtu wa kuheshimiwa mpaka amalize. Mimi wa migomba, ninayetoka mahali ambapo mvua inachokwa, nilikuwa na hoja gani ya kumwambia? Nilirudi nikakaa.

Hoteli haikutuita tena. Taarifa iliyoletwa ofisini ilisema kikundi hakifai kibiashara. Siikatai taarifa hiyo. Ni kweli kabisa, hakifai. Kuna vitu vingi vya thamani ambavyo havifai kibiashara, na miaka hii tunavijua kimoja kimoja kwa kuvizika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Shirika likauzwa. Restuta sasa anawafulia nguo watumishi wa serikali kule Area D, na wakati wa Bunge kazi inakuwa nyingi, wakati mwingine hakuna. Lea alikwenda Kibaigwa. Anafagia mahindi yanayomwagika chini ya malori, anayapepeta, anayauza kwa kopo. Nilimpelekea ujumbe aje leo. Alijibu kwamba leo ni siku ya soko, malori ni mengi, na akawatumia salamu. Namwelewa, ingawa imeniuma.

Na Mama Ruthu anarudi Ipagala. Aliniomba jambo moja tu katika miaka yote niliyofanya naye kazi, nalo ni ngoma ya mama yake. Nilikwenda kwa Ndugu Mfilisi. Alinisikiliza vizuri sana, akanikaribisha soda, akaniambia sheria haimruhusu kuangalia machozi, inamruhusu kuangalia namba. Namsifu kwa uwazi wake. Nilikwenda kwa Ndugu Brighton. Naye alinipokea kwa tabasamu, akasema ngoma zile zitatunzwa vizuri, zitapakwa vanishi, na kwamba akina mama wanakaribishwa kuja kuziangalia Dar es Salaam wakati wowote. Ni neno jema. Mama Ruthu nilipomfikishia aliuliza kitu kimoja tu: "Atazitoa ngozi?" Nikasema sijui. Akasema, "Miavuli ni mingi huko."

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Nimeitafakari methali hiyo juma zima, na nimeona bora niiache ipumzike.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sitaki kuonekana mtu ninayepinga mageuzi. Mimi mwenyewe nimekula muhogo wa foleni, nimepanga mstari wa sukari na sabuni, najua tulikotoka. Maghala yetu yaliwahi kuozesha mahindi huku watu wana njaa, na hilo sitalificha mbele ya Mchungaji. Ninachouliza ni kidogo. Tulipokuwa tunahesabu kipi kiuzwe na kipi kibaki, nani alikuwa upande wa vitu visivyoweza kujieleza kwa hesabu? Sikumwona. Pengine ilipaswa kuwa mimi, na mimi nilikuwa na cheo cha kupanga matembezi.

Basi sasa niseme nililobakiza.

Jana jioni Mama Ruthu alikuja kwangu kuniuliza ratiba. Akauliza, ngoma zinapigwa kabla ya chakula au baada? Nikamwambia kabla. Akauliza, na kukabidhi? Nikamwambia baada ya chakula. Akaniuliza tena, kama mtu anayehakikisha njia: "Kwa hiyo wasipokula, hazikabidhiwi?" Nikamwambia, mama, kwa ratiba nilivyoiandika, ndivyo. Akasema, "Vizuri," akachukua mtandio wake akaenda.

Wapendwa wageni, harufu ya pilau mnaisikia, na najua wengine mmetoka mbali. Lakini mko katika uwanja wa akina mama hawa, kwa leo tu bado ni wao, na desturi ya mahali hapa nimekwisha kuwaeleza. Ngoma ikilia, hakuna anayekula. Anayekula, ngoma inamnyamazia. Wahudumu nimewaomba wasifunue sufuria mpaka pigo la mwisho. Ndugu Brighton, gari lako la mizigo nimeliona pale nje limekwisha kugeuzwa. Mwambie dereva azime injini, ashuke, atafute kivuli.

Mtaniuliza watapiga mpaka saa ngapi. Sijui, Mama Ruthu hakuniambia, na sikumuuliza. Mwisho wake naujua kama mnavyoujua ninyi. Mikono ni ya watu wazima, na mikono huchoka. Ikichoka mtakula, na mkishakula mimi nitasimama tena hapa, nitaita ngoma moja moja kwa namba yake, na ile ya tatu nitaiita pia, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Najua hivyo. Nao wanajua. Waliziotesha ngozi moto tangu asubuhi wakijua.

Lakini mikono hiyo bado haijachoka.

Mheshimiwa, ndugu wageni, mmenivumilia na huzuni yangu, nami nawashukuru kwa masikio yenu. Yaliyobaki si ya kusemwa na mimi.

Mama Ruthu, ita.